Mpangaji Anayekaa

Mazungumzo ya leo ni ya nyumba za kupangisha, na yanaanzia hapa hapa Ufipa, mkoani Rukwa, kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa mita 1,800 hivi, ambako fedha za mahindi na kazi ya ujenzi huja msimu mmoja.

Mavuno ya mahindi Rukwa huanza Mei. Ikifika Julai wanunuzi wameshajaa barabarani, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, nao hununua katika vituo vyake. Miezi hiyo hiyo ni ya kiangazi: tofali mbichi hukauka bila kunyeshewa, na tanuri huwaka bila wasiwasi. Mkulima wa kata ya Msanzi aliyeuza magunia yake kwa bei nzuri ana kama miezi minne, kabla ya mvua za Novemba, kuamua fedha ziende wapi: mbolea, ada ya watoto, ng'ombe wa kukokota jembe, au vyumba vya kupangisha. Wengi huchagua vyumba. Ukipita Chanji, Izia, Kizwite au Katandala mjini Sumbawanga, au ukifika Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo ambamo kata ya Msanzi imo, utaona maboma ya tofali za kuchoma yakisubiri bati. Mengine yamesubiri hadi majani yameota juu ya kuta.

Sababu ya kujenga ipo, tena ni ya kweli. Sensa ya 2012 iliikuta Rukwa na watu 1,004,539. Ya 2022 ikakuta 1,540,519. Katika miaka hiyo kumi Manispaa ya Sumbawanga ilitoka watu laki mbili na ushee hadi kuvuka laki tatu. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, ilijengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mkataba wa shirika lake la misaada, MCC, uliotiwa saini Februari 2008, na ile ya Sumbawanga, Matai hadi bandari ya Kasanga imeusogeza mji karibu na Ziwa Tanganyika na Zambia. Kila lami inapofika huja dereva, fundi, mwalimu mpya, muuguzi, wakala wa fedha za simu na mwanafunzi wa chuo. Watu hao hawaji na nyumba mgongoni.

Lakini wingi wa wapangaji haumaanishi kwamba kila anayejenga atapata faida. Hoja ya mazungumzo haya ni moja: katika mji wa kadiri ya Sumbawanga, na zaidi katika kata kama Msanzi, faida ya mwenye nyumba haitoki kwenye kodi kubwa. Inatoka kwa mpangaji anayekaa. Uamuzi wowote wa mwenye nyumba, kuanzia kiwanja hadi kitasa cha mlango, upimwe kwa swali hili: je, utamfanya mpangaji mzuri akae, au utamfukuza?

Kwanza tukumbushane tulikotoka, kwa sababu kumiliki nyumba ya kupangisha hakukuwa jambo jepesi nchini mwetu. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, liliweka masharti ya uongozi, na mojawapo lilimkataza kiongozi wa chama tawala cha wakati huo, TANU, au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Kiongozi hapo hakuwa waziri peke yake. Diwani na mtumishi wa ngazi ya kati nao walihesabiwa. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo. Nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilichukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na walioguswa zaidi walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia katika miji mikubwa. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lililoundwa 1962. Ndiyo maana hadi leo maghorofa mengi ya zamani katikati ya miji yetu yako mikononi mwa shirika hilo.

Mlango ulifunguka 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilipokutana Zanzibar na kuyalegeza masharti ya Arusha. Mtumishi wa umma akaruhusiwa kujenga na kupangisha bila kuulizwa. Bado kulikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984, iliyokuwa na mabaraza ya kuamua kodi halali ni ipi. Sheria hiyo ilifutwa 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi na muda wa kulipa mbele vimekuwa makubaliano ya watu wawili, mwenye nyumba na mpangaji. Uhuru huo ni mkubwa, na umemwachia mwenye nyumba kazi ambayo zamani ilifanywa na baraza: kuwa mwadilifu kwa hiari yake.

Sasa turudi Ufipa. Mpangaji ni nani hasa?

Katika kata ya vijijini kama Msanzi, mpangaji wa kwanza ni mtumishi: mwalimu aliyepangiwa shule ya msingi au sekondari, muuguzi wa zahanati, ofisa ugani, mtendaji. Nyumba za Serikali hazitoshi, na mtumishi huyo ametoka Kilimanjaro, Kagera au Dar es Salaam, hana ndugu kijijini. Mpangaji wa pili ni mnunuzi wa mazao, anayehitaji chumba kimoja cha kulala na ghala kavu kwa miezi mitatu au minne. Mjini Sumbawanga wanaongezeka mwanafunzi, dereva, fundi, mfanyabiashara wa fremu, mkulima aliyehamia kusomesha watoto, na mama mwenye genge ambaye kipato chake ni cha kila siku.

Kila mmoja kati ya hao fedha zake zina tarehe. Mshahara wa mtumishi huingia mwisho wa mwezi. Mkulima aliyehamia mjini anazo Agosti, hana Februari. Mama wa genge anazo kidogo kidogo. Mwenye nyumba anayedai miezi sita mkupuo kwa kila mtu anawafungia mlango wapangaji wawili kati ya hao watatu, tena huenda waliofungiwa ndio wangekaa muda mrefu. Mwalimu mpya anayeripoti kazini hajapata hata mshahara wa kwanza. Akilazimishwa kulipa miezi sita atakopa, na mtu aliyeanza makazi kwa deni huhama mapema. Suala hili la kodi ya miezi sita au mwaka limesemwa bungeni mara nyingi. Nyongeza ya kodi nayo huweza kumhamisha mpangaji. Jirani zetu wa Uganda walipotunga Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022 waliweka kikomo cha nyongeza ya kodi kuwa asilimia 10 kwa mwaka. Hapa kwetu hakuna kikomo hicho, lakini hakuna kinachomzuia mwenye nyumba wa Sumbawanga kukiandika mwenyewe kwenye mkataba wake. Na kwa upande wa malipo, mtumishi alipe kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Mkulima alipe mwaka mzima baada ya kuuza mahindi, apunguziwe kidogo kwa kulipa mbele. Kodi ikifuata mfuko wa mpangaji, ugomvi wa mlangoni hupungua.

Kabla ya mpangaji kuna ardhi. Hapa ndipo watu wa Rukwa hupoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote.

Ardhi ya Msanzi, kama ya vijiji vingine, iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoisimamia, ugawaji hupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mwanakijiji anaweza kupewa hatimiliki ya kimila. Mwenyekiti wa kitongoji peke yake hana mamlaka ya kukugawia eneo, hata akiwa na muhuri. Mjini hutumika Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huo huo, na kinachotafutwa ni kiwanja kilichopimwa, chenye namba, chenye hati ya miaka 33, 66 au 99. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa inathibitisha kwamba fedha zimetoka mkono mmoja kwenda mwingine. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Nenda ofisi ya ardhi, omba upekuzi, uone jina lililoandikwa. Waite majirani wa mipaka yote minne wakiwa na akili tulivu, mchana, siyo jioni baada ya pombe. Ulizia barabara inayopangwa, hifadhi ya mto, eneo la shule. Na kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenzake iandikwe. Nyumba iliyojengwa kwenye mgogoro hujaza wapangaji waoga, na mpangaji mwoga hakai.

Baada ya ardhi, tofali. Sehemu kubwa ya nyumba zetu ni za tofali za kuchoma, na ubora wake hutofautiana kutoka tanuri hadi tanuri. Tofali lililoiva vizuri ukiligonga na jingine hulia kama kengele. Bichi hulia kizito, na likilowa pembe zake humong'onyoka ukilikwangua kwa ukucha. Wajenzi wengi hupandisha kuta kwa udongo badala ya saruji ili kupunguza gharama. Ukuta wa namna hiyo unaweza kusimama miaka mingi, mradi msingi uwe wa mawe na saruji, lenta ifungwe, na paa liwahi kuezekwa. Ukiuacha wazi mvua za Novemba hadi Aprili, maji huingia juu ya ukuta na kuutoa udongo katikati ya tofali. Boma lililoachwa misimu miwili bila bati limeshapoteza sehemu ya fedha zilizolijenga. Kwa sababu hiyo, mwenye fedha za vyumba sita nusu nusu ajenge vitatu, avipaue, avimalize na kuvipangisha. Kodi ya vitatu ndiyo itakayonunua bati la vingine.

Kuni za kuchomea tofali nazo zimekuwa ghali na misitu inapungua. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, kwa miaka mingi umekuwa ukifundisha tofali za kufungamana, za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hazichomwi, na hupunguza udongo wa kuungia. Kikundi cha vijana wenye mashine moja kinaweza kuhudumia kata nzima.

Kuna jambo jingine la Ufipa ambalo mjenzi aliyezoea joto la pwani hulisahau: baridi. Juni na Julai usiku ni wa baridi kali, na upepo unavuma mchana kutwa. Nyumba isiyo na dari, yenye bati jepesi lililopigiliwa misumari michache, hulia usiku kucha na humfukuza mpangaji kabla ya Agosti. Mbaya zaidi, mpangaji wa chumba kimoja asiye na jiko la nje huingiza jiko la mkaa ndani, hufunga dirisha na kulala. Hewa ya mkaa haina rangi wala harufu ya kumwamsha aliyelala, na kila msimu wa baridi nchini mwetu hutokea vifo vya namna hiyo. Mwenye nyumba anayejenga kibaraza chenye paa cha kupikia, akaweka dari hata ya bei nafuu, na akaacha tundu la hewa juu ya dirisha, anaokoa maisha ya watu. Pia anajipatia mpangaji wa miaka mitatu badala ya miezi mitatu.

Choo na maji havihitaji maelezo marefu. Mpangaji huvisamehe vingi, lakini choo kilichojaa hakisamehewi.

Sasa tufanye hesabu, kwa mfano tu, ili kila mtu aweke takwimu zake. Chukua nyumba ya vyumba sita iliyogharimu shilingi milioni 24 pamoja na kiwanja. Mwenye nyumba wa kwanza anatoza 35,000 kwa chumba. Vyumba vikijaa mwaka mzima angepata 2,520,000. Lakini kodi yake iko juu ya majirani, watu hawakai, na kila chumba kinabaki kitupu miezi miwili. Anapata 2,100,000. Kila mpangaji akitoka kuna rangi, kitasa, kioo cha dirisha. Tuseme 40,000 kwa chumba, jumla 240,000. Mkononi zinabaki 1,860,000. Mwenye nyumba wa pili anatoza 30,000 kwa chumba kile kile, wapangaji wake wanakaa miaka mitatu mitatu, na vyumba havikauki watu. Anapata 2,160,000, na gharama za rangi na vitasa akizigawa kwa miaka ni kama 80,000. Zinabaki 2,080,000. Aliyetoza kidogo amempita aliyetoza zaidi kwa shilingi 220,000, na bado hatujahesabu dalali, ambaye kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja kila anapoleta mtu mpya. Mara nyingi humlipisha mpangaji, lakini mpangaji naye huipima gharama hiyo kabla ya kukubali nyumba.

Hesabu ya pili ni ngumu zaidi kusikia. Toa kwenye zile 2,160,000 kodi ya mapato ya asilimia 10, yaani 216,000. Toa kodi ya majengo 18,000. Weka akiba ya matengenezo sawa na kodi ya mwezi mmoja ya nyumba nzima, 180,000. Zinabaki 1,746,000, ambazo ni asilimia 7 na kidogo ya zile milioni 24. Linganisha na hatifungani. Mwaka 2022 Benki Kuu iliposhusha riba ya hatifungani za Serikali za miaka 20 kutoka asilimia 15.49, iliishusha hadi 12.1. Hata kwa riba hiyo iliyoshushwa, milioni 24 zingeleta 2,904,000 kwa mwaka bila bomba kupasuka wala mpangaji kudaiwa.

Je, basi watu waache kujenga? Hapana. Hatifungani ikiiva hurudisha milioni 24 zile zile, wakati bei ya vitu imepanda kwa miaka 20. Nyumba yenye hati katika mji unaokua hupanda thamani, kodi yake hupanda taratibu, na mkulima huijenga kwa awamu, tofali za mwaka huu, bati za mwakani, jambo lisilowezekana kwa mwenye fedha zisizofika kima cha chini cha hatifungani, shilingi milioni moja. Lakini hesabu hiyo inasema wazi kwamba sehemu ya mapato ya mwenye nyumba ni ujira wa kazi yake. Asiye na muda wa kusimamia, anayeishi Dar es Salaam na kumtegemea binamu akusanye kodi, alinganishe kwanza. Mtumishi anayekaribia kustaafu alinganishe mara mbili, hasa baada ya kikokotoo cha mafao ya kustaafu cha Julai 2022 kuweka mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao, kabla ya bajeti ya 2024/25 kuupandisha hadi 40 kwa baadhi na 35 kwa wengine. Mkupuo umekuwa mdogo. Ukiishia kwenye boma lisilopauliwa, uzee utaanza na pagala.

Tukija kwenye usimamizi, silaha ya kwanza ni mkataba wa maandishi. Kurasa mbili zinatosha: majina, chumba, kodi, tarehe ya kulipa, nani analipia maji na umeme, taarifa ya kuhama ni ya muda gani, kodi itapandishwa lini na kwa kiasi gani. Nakala mbili, mashahidi wawili, na risiti kila malipo yanapofanyika, hata yakiwa ya simu. Sheria ya Ardhi humpa mpangaji haki ya kuishi kwa utulivu bila kubughudhiwa, na humpa mwenye nyumba wajibu wa kuliweka paa, kuta kuu na mifereji mikuu katika hali nzuri. Mpangaji naye ana wajibu wa kulipa kwa wakati, kutunza chumba na kumruhusu mwenye nyumba kukikagua kwa taarifa na kwa saa za kiungwana.

Siku ya kukabidhi ufunguo, mwenye nyumba na mpangaji waingie chumbani pamoja wakiwa na karatasi. Waandike: mlango una bawaba tatu, moja imelegea, kitasa kina funguo mbili, kioo cha dirisha la kushoto kina ufa, swichi mbili zinafanya kazi, ukuta wa nyuma una doa la unyevu la ukubwa wa sahani. Wote wasaini, wapige picha kwa simu. Dakika kumi hizo huzuia ugomvi wa siku ya kuhama, ambapo kila mmoja huapa kwamba ufa haukuwapo au ulikuwapo.

Umeme ndio chanzo cha pili cha ugomvi. Nyumba nyingi za vyumba zina mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na wapangaji huchangishana. Mwenye friji na mwenye taa moja wakichanga sawa, mwenye taa moja huchoka. Mita ndogo ya ndani kwa kila chumba huumaliza mgogoro huo. Juu ya hapo, tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Serikali ilieleza tangu mwanzo kwamba wawili hao wamalizane. Njia ya haki ni rahisi: mpangaji atunze ujumbe wa manunuzi, na kiasi kilichokatwa kitolewe kwenye kodi ya pango. Shilingi 18,000 kwa mwaka si nyingi kwa mwenye nyumba, lakini kumnyima mpangaji fedha hiyo kunamfundisha kwamba na mengine atanyimwa.

Kodi ya Serikali kwenye pango nayo isifichwe. Ofisi au mfanyabiashara anayekodi fremu hukata asilimia 10 ya kodi anayomlipa mwenye nyumba na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Mkataba wa pango una ushuru wa stempu wa asilimia moja ya kodi ya mwaka. Kenya wameshusha kodi ya pango la makazi kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, na wenye nyumba wetu wana haki ya kuomba unafuu kama huo kupitia wawakilishi wao. Lakini ombi hilo lina uzito likitoka kwa watu wenye namba ya mlipakodi na daftari.

Mpangaji akishindwa kulipa, je? Kuna mtindo wa kung'oa mlango, kukata umeme au kutoa vitu nje usiku. Ni kinyume cha utulivu ambao sheria imemhakikishia mpangaji, na hugeuza deni la 90,000 kuwa kesi. Anza na mazungumzo, kwa sababu mwalimu ambaye mshahara wake umekwama siyo sawa na mtu aliyeamua kutolipa. Kisha notisi ya maandishi. Kisha usuluhishi katika baraza la kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kupatanisha, siyo kuhukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, chombo kilichoanzishwa na sheria ya 2002. Mwenye mkataba na risiti hufika pale akiwa na cha kuonyesha.

Na liko jambo ambalo familia nyingi huliepuka: kifo cha mwenye nyumba. Baba akiondoka, wapangaji hujikuta wakidaiwa kodi na mjane, mtoto wa kwanza na baba mdogo kwa wakati mmoja. Wapangaji wema huhama kukwepa fujo, nyumba hubaki tupu, na urithi huanza kubomoka kabla haujagawanywa. Wosia ulioandikwa vizuri, jina la mke kwenye hati pale nyumba ilipojengwa kwa jasho la wawili, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa mapema na mahakama huokoa kodi na undugu.

Ndugu msikilizaji wa Msanzi, wa Matai, wa Laela, wa Sumbawanga mjini: kama mwaka huu umeuza mahindi na unakusudia kufyatua tofali, nenda kwanza ofisi ya ardhi au kwa Halmashauri ya Kijiji ukahakikishe kiwanja ni chako. Jenga vyumba unavyoweza kuvimaliza kabla ya Novemba. Na kama tayari una wapangaji wasio na mkataba wa maandishi, wiki hii kaa nao, uandike, wasaini, na uwape nakala yao.